Kabale Bila Nosim

Foleni ya chanjo ya homa ya manjano ilianzia mlangoni, ikapita korido nzima, ikamalizikia kwenye benchi la nje. Asubuhi hiyo ungedhani Arusha yote inahama nchi. Nosim, mwalimu wa jiografia wa shule ya Engutoto, alivaa gauni la kitenge cha bluu na raba nyeupe. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati limenyooka kwa pasi, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nesi alipoandaa sindano, kijana akageukia dirishani.

"Kaka, mwanaume mzima unaogopa sindano?" Nosim akauliza.

"Siogopi, dada. Naangalia pazia. Limeshonwa vibaya."

Nosim alicheka mpaka nesi akamkemea.

Yule kijana aliitwa Hatibu, fundi mapazia wa Kaloleni. Alikuwa anakwenda kutembea Uganda.

"Na kampuni gani ya utalii?"

"Kampuni ya miguu yangu. Napanda basi, nikichoka nalala, nikiamka naendelea. Wewe je?"

"Mimi sijui. Nimekuja kuchanja nijitie moyo. Nafundisha Mto Nile kila mwaka na sijawahi kuvuka mpaka wa Namanga."

"Basi twende ukauone unapoanzia."

"Niende na mtu nisiyemjua?"

"Unajua kwamba naogopa sindano. Hata mama yangu hajui hilo."

Shule zilipofungwa, wakaenda. Walipatana tangu mwanzo: kila likizo upande mmoja wa nchi, vyumba viwili, na hakuna kupangiwa ratiba na mtu. Walianza mashariki. Jinja, Nosim alisimama kando ya Nile akanyamaza kama mtu aliyeingia kanisani. Mbale waliloa mvua ya Mlima Elgon, wakakaushia nguo zao kwenye kiti kimoja cha gesti, kanzu ya Hatibu juu ya kitenge cha Nosim, wote wawili wakijifanya hawaoni. Likizo iliyofuata wakaenda kaskazini. Huko Gulu, wakila viazi vitamu na mboga iliyoungwa kwa karanga, Hatibu aliacha kula ghafla.

"Mwalimu, nina swali."

"Nyoosha mkono kwanza."

Akanyoosha, mama mwenye mgahawa akimtazama. "Nikikupenda, nitafeli?"

"Umechelewa kuuliza, fundi," Nosim akasema. "Matokeo yalishatoka Mbale."

Walidhani tatizo lao litakuwa dini. Baba yake Nosim alikuwa mzee wa usharika wa Kilutheri huko magharibi mwa Mlima Meru. Mama yake Hatibu hakukosa darsa msikitini. Walikesha kwenye simu wakipanga nani aanze kusema na nani kwao.

Likizo ya tatu ilikuwa ya magharibi, Fort Portal, kwenye mashamba ya chai yaliyopanda na kushuka hadi miguuni mwa Rwenzori. Siku ya pili raba za Nosim hazikuingia miguuni.

"Ni kukaa sana kwenye basi," alisema, akavaa kandambili. Usiku Hatibu alimsikia ng'ambo ya ukuta akitapika. Asubuhi alisema ni maziwa.

Kilichobaki kilikuwa upande mmoja tu, kusini: Kabale na Ziwa Bunyonyi.

Waliporudi, Nosim akawa hashiki simu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: nipo bize, nitakupigia. Hakupiga. Jioni moja Hatibu alimfuata kwao Sakina, na kabla hajavuka barabara ya Nairobi akamwona akishuka kwenye Noah nyeupe, mwanaume mmoja amemshika kiuno. Akageuza. Alipofika nyumbani akapiga, na safari hii simu ikapokelewa.

"Yule ni nani?"

"Ni ndugu yangu, Hatibu."

"Ndugu anashika kiuno?"

"Nimechoka. Tuongee kesho."

"Na mimi nimechoka kupanda mabasi. Kaa na mwenye gari."

Kisha Nosim akasema, taratibu sana, "Sawa, mpenzi," akakata.

Hawakuzungumza tena mpaka Vaileth, mdogo wake Nosim, alipoingia dukani Kaloleni. Hakusalimia.

"Siku ile dada alikuwa anatoka kusafishwa damu, hawezi hata kutembea, na binamu yetu amemshikilia. Ukampigia kumtukana. Figo zake zote mbili zimekufa."

Hatibu aliacha mkasi mezani, duka wazi. Alimkuta Nosim kwao, amekaa kitandani, uso umevimba, nywele amekata. Akapiga magoti.

"Inuka, fundi. Utachafua suruali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniangalia hivyo unavyoniangalia sasa."

Vaileth alikuwa ameshapimwa kutoa figo, hakufaa. Hatibu naye akaenda, akatoa mkono bila kugeukia dirisha lolote. Damu zao hazikupatana. Ndugu waliobaki walikuja wakasali, wakalia, wakarudi makwao. Nosim akabaki na mashine, mara tatu kwa wiki, na kati ya mashine na mashine hapakuwa na nafasi ya kufika hata Kampala na kurudi.

Siku moja isiyo ya mashine Hatibu aliazima gari akampeleka kwenye maziwa ya Momela. Flamingo walikuwa wengi, Mlima Meru umejifunika mawingu. Alimmiminia chai, nusu ya kikombe kidogo, ndiyo aliyoruhusiwa. Nosim aliinywa kwa kulamba, kama anayetaka isiishe.

"Nioe wewe," Hatibu akasema. "Yaani, nikuoe. Kanisani, msikitini, bomani, popote."

"Nenda Kabale."

"Bila wewe siendi."

"Usipokwenda kwa ajili yangu, mashine moja itakuwa imefunga watu wawili. Mimi siwezi kuibeba hiyo, Hatibu. Nenda, ukirudi niulize tena."

"Utanijibu nini?"

"Rudi kwanza."

Alibisha wiki nzima. Mwishowe akakata tiketi, kwa sababu Nosim aliacha kula mpaka akate.

Basi lilimchukua Sakina asubuhi, likiwa limejaa. Nosim alitoka kumsindikiza, amejifunga shuka la Kimasai mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Hatibu alimshika mikono yote miwili mbele za watu, kondakta akipiga kelele.

"Nitarudi haraka."

"Usirudi haraka. Zunguka ziwa lote. Ulale visiwani."

"Nakupenda, mwalimu."

"Panda, utaachwa."

Alipunga mpaka basi likapotea nyuma ya malori. Kisha Vaileth akamshika mkono, wakaanza kurudi nyumbani. Nosim alisimama kuvuta pumzi kwenye gereji, akasimama tena kwenye genge la nyanya.

"Atarudi, dada," Vaileth akasema. "Yule hawezi kukutupa."

"Najua atarudi," Nosim akajibu. "Jana nimemwambia daktari sirudi tena kwenye mashine."