Jani la Mgomba wa Bibi

Kila Jumamosi jioni Tulinagwe humenya ndizi jikoni kwao Makandana huku akiimba. Jumamosi hiyo hakuimba. Kwenye rafu palikuwa na mfuko mdogo wenye kipande cha jani la mgomba, naye hakutaka kuutazama.

Dada yake Happyness, aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu, alikuwa amemtuma kwa bibi yao, njia ya Masoko. Kwa hesabu za utafiti wake wa chuoni, alitaka jani la mgomba wa bibi uliobaki mzima wakati ugonjwa wa mnyauko ulipoangusha migomba ya majirani. Mvua ikanyesha, Tulinagwe akajibanza kwa rafiki yake Agness. Ilipokatika, wakacheza rede, mchezo wa kukwepa mpira, mpaka jua likaelekea kuzama. Akarudi kwao, akachuma jani nyuma ya nyumba. Jani ni jani, alijiambia.

"Dada, kwani jani nalo linataka hesabu?" Tulinagwe akauliza.

Happyness akacheka. "Mimi nilidhani nimeikimbia hesabu, kumbe ilitangulia chuoni kuningoja. Ndani ya jani kuna vinasaba, kama maandishi marefu sana ya herufi nne tu. Kompyuta inalinganisha ya mgomba mgonjwa na ya mgomba mzima. Kazi yetu ni kupima kama tofauti imetokea kwa bahati tu, au ndiyo inayoukinga mgomba."

"Na jani likiwa si lenyewe?"

"Hesabu itakwenda sawa, jibu litakuwa la uongo. Hesabu haijui shamba, mdogo wangu. Inaamini unachoiambia. Siku moja watu watapanda miche kwa kutuamini, nayo itanyauka."

Chakula kilipotengwa, baba yao, Mzee Lutufyo, akaomba: "Tunakushukuru, Bwana, kwa ndizi hizi, na kwa Tulinagwe aliyetembea kwenye mvua kwa ajili ya dada yake."

Wote wakaitikia, isipokuwa mmoja.

"Amina imekukwama kooni?" mama akauliza.

"Sikufika kwa bibi," Tulinagwe akasema, machozi yakimlengalenga. "Hilo ni jani la hapa nyuma. Nilicheza rede."

Happyness akaushusha ule mfuko kutoka kwenye rafu. "Basi langu la kurudi chuoni ni Jumatatu. Kesho ibada ikiisha tunakwenda sote wawili, na wewe utatangulia."

"Huko akacheze rede na migomba," mama akasema.

Kesho yake waliteleza kwenye matope njia nzima. Bibi Anosisye aliwapokea kwa furaha. "Ndaga fijo, wajukuu wangu," aliwashukuru, akawaonyesha mgomba wake. Happyness akakata kipande cha jani, Tulinagwe akakitia kwenye mfuko mpya na kuandika juu yake jina la bibi kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni baba alimketisha Tulinagwe karibu naye. "Jana nilishukuru kwa safari ambayo hukwenda. Leo nashukuru kwa ukweli wako, maana umeiokoa kazi ya dada yako. Elimu kubwa husimama juu ya kazi ndogo, mwanangu. Anayetumwa jani akileta uongo, hata profesa atakosea. Haya, tuombe."

Tulinagwe akaitikia "Amina" kabla baba hajamaliza.