Glavu Zilizotupwa Dirishani

Asubuhi za Januari nyumbani kwa kina Hryniuk zilikuwa za mbio. Larysa, mama mtu, alikuwa jikoni akipasha uji wa shayiri. Orest, baba mtu, alikuwa nje akihangaika na gari lililoganda usiku kucha. Danylo, mtoto wao wa miaka kumi, alikaa mezani na kijiko mkononi. Hakula. Alikuwa akisikiliza kama basi la shule linakuja.

"Glavu zako ziko wapi?" mama yake akamwuliza.

"Zimepotea."

"Tena? Baba yako analima ngano, Danylo. Halimi glavu."

Danylo akainama. Angesema nini? Basi lile la njano lilizunguka mashambani likichukua watoto, shamba hadi shamba, mpaka shuleni mjini. Kwenye viti vya nyuma alikaa Landon, kijana wa darasa la nane, na wapambe wake. Danylo akipanda tu, wanaanza. Wanamwita panya. Wanamkalia. Jioni wanamvua glavu, wanafungua dirisha, wanazitupa kwenye theluji huku wakicheka. Watoto wengine wanatazama chini. Bi Verna, dereva, macho yake yako kwenye barabara yenye barafu, na masikio yake kwenye injini.

Kutoka pale basi linaposimama hadi mlangoni kwao ni mwendo mrefu, na upepo wa nyanda zile hauna huruma. Danylo alitembea mikono kwapani. Landon alikuwa amemwonya: "Ukisema, tunatupa viatu." Mtoto aliamini. Na katika baridi ya Saskatchewan, jimbo lao la Kanada, mtu asiye na viatu hafiki mbali. Maskini alikaa na siri yake, na hofu ikamla ndani kwa ndani.

Siku moja aliingia nyumbani ncha za vidole zikiwa nyeupe kama mshumaa. Alishika kikombe, kikamponyoka. Larysa alishtuka, lakini hakuvisugua vile vidole wala hakuvipeleka kwenye moto. Alivitia kwenye maji ya uvuguvugu. Damu ilipoanza kurudi, maumivu yakaja nayo, na Danylo akalia. Katika kulia huko yakamtoka yote: glavu, dirisha, viatu, Landon.

Orest alisikiliza akiwa amekunja ngumi. Sasa, huyu Orest ndiye aliyewafundisha vijana wa mji hoki ya barafuni, na Landon alikuwa mchezaji wake. Watu wa hoki wana desturi yao. Mchezo ukiisha, timu mbili hupanga mistari na kupeana mikono. Mmegongana, mmetoana damu, lakini yameisha. Orest alikua na desturi hiyo, na aliiamini kama anavyoamini mvua ya Juni.

Jumamosi akawaita wote wawili katikati ya uwanja wa barafu. "Peaneni mikono kiume," akasema. "Yaishe hapa hapa."

Landon alitabasamu vizuri sana. Alimshika Danylo mkono, akamvuta kifuani kama ndugu, akamnong'oneza sikioni: "Jumatatu, viatu."

Orest alirudi nyumbani amefurahi, akapiga mluzi njia nzima. Danylo hakumwambia alichonong'onezwa. Alikuwa amesema mara moja, na ona kilichompata.

Jumapili alitapika. Jumatatu alfajiri hakuwa kitandani. Mama yake alimtafuta chumba kwa chumba, kisha akatoka nje mbio bila hata koti. Alimkuta kwenye banda la mashine, amejikunja nyuma ya trekta, midomo imegeuka rangi ya samawati. Hakuwa akilia tena.

"Niacheni hapa hapa," akasema. "Huku hawanioni."

Larysa alimbeba kama mtoto mchanga. Hofu aliyoisikia asubuhi ile hakuwahi kuisikia maishani. Alipomfunika mablanketi, alimpigia simu jirani yao, Bi Odette, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mshauri wa wanafunzi. Bi Odette alifika theluji ikiwa bado kwenye kofia. Hakuanza na wakubwa. Alikaa kitandani kwa Danylo.

"Nakuamini," akamwambia. "Kosa si lako. Na kusema ulifanya vizuri, hata kama hatukukusaidia vizuri."

Danylo akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wakijua nimesema tena?"

"Watajua. Ndiyo maana hutapanda basi lile mpaka awepo mtu mzima katikati yenu."

Orest alikuwa mlangoni, funguo za gari mkononi. Alitaka kwenda kumalizana na baba yake Landon. Bi Odette akamzuia, akamwambia akigombana na mzazi, atakayelipia ni mtoto.

"Lakini niliwapatanisha," Orest akasema.

"Ulipatanisha nini, Orest? Kwenye hoki wanaokutana wana nguvu sawa, na mwamuzi yupo. Huo ni ugomvi, una pande mbili. Huu ni uonevu. Mmoja ana nguvu, mwingine hana, na unarudiwa kila siku. Ukimsimamisha mnyonge mbele ya anayemwonea, umemkabidhi."

Orest akakaa chini. Akazirudisha funguo mfukoni.

Bi Odette aliwaeleza la kufanya, nao wakaenda shuleni asubuhi ile ile. Walimweleza mwalimu mkuu nani, wapi na nini. Waliomba Landon aonwe peke yake, na wazazi wake waitwe peke yao. Kisha Larysa akauliza lile swali alilofundishwa: kesho asubuhi kitabadilika nini?

Mwalimu mkuu alisema hakuwahi kusikia malalamiko. Akawaita watoto wa basi, mmoja mmoja. Mikayla, wa darasa la Danylo, alisema aliona kila kitu na alinyamaza kwa kuogopea glavu zake. Basi mambo yakapangwa upya. Landon alizuiwa kupanda basi kwa muda, na akawa anaonana na mshauri kila wiki, maana anayeonea naye hufundishwa. Wadogo wakahamishiwa viti vya mbele. Mwalimu mmoja akawa anasafiri nao. Orest naye alimwondoa Landon kwenye mechi.

Siku ya kwanza Danylo alipanda na kukaa kiti cha mbele kabisa. Mikayla akamwambia, "Sogea," akakaa kando yake. Hofu haikuisha siku hiyo, wala wiki hiyo. Hata Landon aliporudi, akikaa kimya nyuma ya dereva, Danylo bado alishtuka kila dirisha lilipogonga. Kila Ijumaa mwalimu mkuu alimwuliza faraghani hali yake.

Alasiri moja ya Machi, Orest alikuwa akingoja barabarani. Basi likasimama, mlango ukafunguka, na hakushuka mtu. Alipanda ngazi kwa hatua moja.

"Usiogope," Bi Verna akamwambia kwa sauti ya chini. "Amelala. Nimemwita, hasikii."

Danylo alikuwa amejiegemeza dirishani, mdomo wazi, akikoroma kidogo. Orest alisimama akimtazama mwanawe, mkono mdomoni, machozi yakimtoka mbele ya watoto wa watu. Bi Verna alikuwa na mashamba mengine ya kufika, lakini hakumharakisha.