Mwanamke Asiye na Kichwa

Kisomapicha, roboti ya kuchunguza michoro, kilipoanza kazi, watu wote ukumbini walisogea karibu. Hakikuzidi ukubwa wa birika, lakini kilielea mbele ya turubai kikirusha miale myembamba, huu wa kupima mistari, huu rangi, huu uzito wa brashi. Ajabu tupu! Jumba la Picha la Morogoro lilikuwa na roboti za kila namna, za kufagia mpaka za kukaribisha wageni, ila hakuna iliyopendwa kama kisomapicha hiki. Wafanyakazi walikiita Bingwa.

Siwatu, mhandisi wa madaraja, alisimama amekunja mikono kifuani. Picha ile ilichorwa na mama yake, marehemu Bi Ashura, naye alikuja kuitoa zawadi kwa jumba, iondoke kabisa nyumbani kwake. Tangu utotoni ilimtisha. Meza ya miguu mirefu kama ya twiga, mawingu yametanda chini ya ubao wake, samaki wanaogelea humo. Na katikati mwanamke asiye na kichwa, mkono mmoja umevimba kama boga.

"Mama alikuwa na muda wa kuchora mazimwi," alimwambia Bwana Mkude, mkuu wa jumba. "Wa kunitazama mimi hakuwa nao."

"Pole, dada. Weka kiganja kwenye kibao hiki cha kutia saini, tumalize."

"Subirini," Bingwa akasema. "Tazameni buluu ile: nzito chini, inapauka kadiri jicho linavyopanda. Ndiyo maana meza nzito hivyo inaelea. Fundi hasa huyu mama! Lakini mmeitundika juu mno."

"Juu mno? Hicho ndicho kipimo cha picha zetu zote!" Mkude akaruka.

"Hii siyo ya jicho la mtu mzima. Mistari yote inakutana huku, karibu na ukingo wa chini. Anayetazama ni mtoto mdogo, amekaa sakafuni."

Siwatu alishtuka. Mama alikuwa akichora amelala kifudifudi kwenye mkeka, shavu karibu na saruji, majirani wakimcheka eti kachanganyikiwa. Na yeye Siwatu, mahali pake pa kuchezea palikuwa chini ya meza.

Alikaa sakafuni na suti yake ya kazi. Loo! Kumbe kichwa cha mwanamke hakikukatwa; kilifichwa na meza. Na mkono haukuvimba hata kidogo. Ulikuwa karibu tu, karibu sana, kiganja wazi, unamfuata aliye chini ya meza.

"Miaka yote hii namwita zimwi," alisema, akalia bila kujificha.

Bwana Mkude aliamuru picha ishushwe. Kisha akachuchumaa na kile kibao, akauliza kwa upole kama bado anaitoa.

Siwatu alinyoosha mkono, akaupitisha juu ya kibao, akaushika ule wa mama yake pichani. Bingwa, ambaye humfokea yeyote anayegusa picha, safari hii alizima miale yake tu.