Vitambaa vya Buluu Nyuma ya Bafu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kufagia upande wao wa ua, kumnawisha mdogo wake uso, na kupeleka ndoo ya taka za jikoni kwenye shimo la mtaa, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ulimi mwepesi, na miguu mizito kila alipoitazama ile ndoo.

Safari ya shimoni ilikuwa ndefu na ndoo ilinuka. Kwa hiyo, tangu muhula uanze, alijipatia njia ya mkato. Nyuma ya bafu palikuwa na mwanya mwembamba kati ya ukuta na uzio, mahali ambapo mtu mzima hakupita. Alimwaga humo maganda, makombo na matumbo ya samaki, kisha akafunika kwa vipande vya kitambaa. Vitambaa havikukosekana. Mama yake alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za shule barazani, na mabaki ya buluu yalijaa gunia zima. Kesho yake akamwaga tena, akafunika tena. Harufu haikufika uani, na Chiriku akajiona mjanja.

Ua ule ulikuwa wa nyumba mbili. Katika nyumba ya pili alikaa mjane aliyefuga kuku ishirini na wanne, na mtaa mzima ulimwita Mama Kuku. Banda lake lilipakana na bafu. Yeye na fundi hawakuivana. Walikwisha kugombania kamba ya kuanikia nguo, bomba la maji, na hata sauti ya jogoo. Nzi walipokuja, ugomvi ulipata chakula.

Na walikuja kwelikweli. Walitua kwenye vikombe, kwenye mkate, kwenye pembe za macho ya mtoto aliyelala. Mteja mmoja alirudisha shati jeupe, akaonyesha vidoa vyeusi kwenye kola. "Fundi, haya ni maua au kinyesi cha nzi?" Fundi alilifua upya huku akisaga meno. Wiki ileile mdogo wake Chiriku akaanza kuhara. Siku ya tatu macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na hakuwa na nguvu hata ya kulia. Nesi wa zahanati alimpa dawa ya kuchanganya na maji, kisha akauliza swali moja: "Nyumbani kwenu kuna nzi?"

Fundi aliporudi na mtoto mgongoni, hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja bandani.

"Jirani! Mwanangu nusura anitoke. Hawa kuku wako wataniulia mtoto!"

Mama Kuku aliinuka, kwanguo la samadi mkononi. "Kuku wangu wameingia kwako lini, fundi?"

"Nzi wao wanaingia bila kubisha hodi!"

"Nzi wao? Umewakagua? Umewakuta na alama yangu?"

"Wanatoka hapa, mama," Chiriku alidakia. "Nimewaona kwa macho yangu mwenyewe wakitoka bandani!"

"Wewe usinichokonoe. Nazungumza na mkubwa mwenzangu."

"Mtoto amesema kweli," fundi alijibu. "Na nitaisema mbele ya bwana afya."

Alikwenda kweli. Jibu lilikuja kwa barua: bwana afya angekagua ua Jumamosi. Nzi wakionekana kuzaliwa bandani, kuku wote waondolewe ndani ya siku saba. Mama Kuku aliisoma barua mara mbili. Mayai ya kuku wale ndiyo yaliyomlisha na kumvisha tangu mumewe afariki. Hakuwa na kazi nyingine wala sehemu nyingine ya kuwaweka.

Chiriku alifurahi. Alitunga wimbo na kuwafundisha watoto wa bomba la mtaa, nao wakauimba kila mjane alipokwenda kuteka maji:

*Mama Kuku, Mama Nzi,*
*banda lako halifai,*
*Jumamosi halikai!*

Mama Kuku alijaza ndoo yake, akajitwika, akaondoka bila kugeuka. Wakamsindikiza kwa vicheko mpaka mlangoni.

Jumamosi asubuhi Chiriku alipeleka ndoo nyuma ya bafu kama kawaida. Mkono ukasita. Vile vitambaa vya buluu vilikuwa vinatikisika, na hapakuwa na upepo. Akainua ncha moja kwa kijiti. Chini yake palijaa vidudu vyeupe, vinene, vikijinyonganyonga juu ya uozo. Aliachia kijiti, akamwaga ndoo bila kutazama, akakimbia.

Bwana afya alifika saa nne, mtu mfupi mwenye viatu vya mpira. Aliingia bandani, akachota samadi kwa kiganja na kuifikicha. Ikapukutika kama unga.

"Kavu kabisa," alisema.

"Kila asubuhi nakwangua," Mama Kuku alieleza. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Naianika juani, nachanganya na majivu, na mkulima wa mboga anakuja kuichukua."

"Nzi hapendi pakavu. Anataka unyevu, joto na kitu kinachooza. Anataga hapo, na kwa siku moja tu mayai yanakuwa funza, weupe kama punje za mchele. Siku chache baadaye funza wanajichimbia udongoni, na wakitoka wana mbawa." Alitazama wingu la nzi juu ya paa la banda. "Lakini wengi wako upande huu. Choo kina mfuniko, mtaro mmeusafisha. Taka za jikoni mnatupa wapi?"

"Shimoni," fundi alijibu kwa fahari. "Binti yangu anazipeleka kila siku ya Mungu."

"Kweli, binti?"

"Ndiyo," Chiriku alisema. Kwa mara ya kwanza maishani neno moja lilimtosha.

Bwana afya akafungua daftari. "Basi, kama sioni chanzo kingine, sina budi kuandika banda liondolewe."

Chiriku alitegemea Mama Kuku apige kelele. Hakupiga. Aliinama, akamchukua tetea mmoja, akaanza kumfuta vumbi miguuni kwa pindo la kanga yake, taratibu, kama anayemwandaa kwa safari. Barazani mtoto alilala ubavu, nzi watatu wakitembea mdomoni mwake. Chiriku aliwatazama wale nzi. Alijua walikozaliwa. Alikuwa amewatandikia mwenyewe.

"Usiandike!" alisema. Kalamu ikasimama. "Mimi... siendi shimoni. Nazimwaga nyuma ya bafu. Nafunika na vitambaa vya mama."

Fundi alimkodolea bintiye macho kama mtu aliyeshonwa midomo.

Bwana afya alijipenyeza ubavu kwa ubavu kwenye ule mwanya, akafunua kwa fimbo. Tabaka juu ya tabaka, buluu juu ya uozo, na maji ya bafu yakivujia chini yake. Funza walimwagika. "Lo! Umewashonea godoro," alisema. "Kitambaa kimewawekea joto na unyevu, na jua haliwagusi."

"Mama fundi wa sare," Mama Kuku alisema kwa uchungu, "binti fundi wa magodoro ya nzi. Cherehani imerithiwa!"

Fundi alimvuta Chiriku sikio. "Nimekwenda kumshitaki mtu kwa ajili ya ulimi wako! Chukua koleo. Leo huli mpaka paoneke udongo."

Na kweli alifanya kazi. Alizoa taka kwenye magunia, mama yake akayabeba, wakazifukia shimoni chini ya udongo mwingi. Bwana afya aliwaagiza waipatie ndoo mfuniko na kuimwaga kila siku, wazibe bomba la bafu linalovuja, wafunike chakula, waweke wavu madirishani, na wanawe mikono kwa sabuni. "Mtawaona nzi kama siku kumi hivi," aliwaonya. "Wengine wamekwisha kujichimbia. Msikate tamaa." Ule ukurasa wa banda aliuchana.

Siku ya kumi na mbili mtoto alikuwa anakimbia, na mkate ulikaa mezani bila mgeni. Fundi alikwenda kwa jirani kuomba radhi. Akajibiwa, "Nimesikia," na mlango ukafungwa. Chiriku alipokwenda yeye, mlango haukufunguka kabisa. Alisimama nje akizungumza na ubao.

"Mama, naomba unisamehe."

"Nani aliyeimba wimbo?" sauti ilitoka ndani.

"Mimi."

"Uliuimbia wapi?"

Chiriku alielewa. Jioni ile, bombani pakiwa pamejaa watu, alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema mbele ya wote kwamba nzi walikuwa wake, wala si wa Mama Kuku. Watoto walimcheka mpaka machozi yakamtoka. Hakushuka mpaka amalize.

Asubuhi iliyofuata, Chiriku akipita na ndoo yenye mfuniko kuelekea shimoni, Mama Kuku alimwita. Hakutabasamu. Alimpa kopo lililojaa majivu.

"Nyunyizia ndani ya ndoo yako pakauke. Sikupi wewe, nampa mdogo wako."

"Ahsante, mama."

"Sijakusamehe bado, usijidanganye. Lakini sikiliza, kwa kuwa siku hizi unajua kunyamaza. Taka ukizifunika bila kuziondoa, zinazaa. Uongo nao ni hivyo hivyo. Ulifunika mmoja, ukazaa wimbo, ukazaa barua, nusura uzae msiba. Siku nyingine ukikosea, lifunue kosa lako jua lilione, likiwa bado dogo."

Kisha akageukia kuku wake. Chiriku alikumbatia kopo kwa mkono mmoja, akashika ndoo kwa mwingine, akauvuka uwanja wa mpira wote, mpaka shimoni.