Damu ya Madame

Pale stendi ya Old Town, katikati ya makelele ya makonda, Rosalie alikuwa anamfungua mbuzi wake miguu. Kamba zilimkaza tangu kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwanza juu ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, kisha juu ya minibasi. Kijana mwenye koti jeupe akachutama kumsaidia.

"Anaitwa nani?"

"Mimi ao mbuzi?"

"Tuanze na mwenye mimba."

"Madame. Siku ya nne hali kitu. Baba anataka kumchinja nyama ingali nzuri."

Kijana aliitwa Byamungu, wa Bukavu. Vita ya 1998 ilimkatisha masomo ya udaktari wa mifugo. Sasa alipima damu kwenye kliniki ya wanyama nyuma ya soko. Akawapeleka huko, akamtoa Madame damu shingoni. Mchana daktari mkubwa akasoma karatasi: kimeng'enya cha ini kimepanda mno, ini limeharibika, achinjwe tu.

Rosalie akatoka machozi yakimlenga. Byamungu akamfuata.

"Dada, sikia. Kimeng'enya kile kinatoka kwenye ini, na kwenye misuli pia. Nimepima kingine, cha misuli peke yake, nacho kimeruka. Ni kamba zile, si ini. Kutokula huenda ni minyoo tu: mpe dawa yake, apumzike siku kumi. Nitakuja kumpima kwenu, asifungwe tena."

"Mabinti wangapi umewaambia bakungojee siku kumi?"

"Wenye mbuzi? We njo wa kwanza."

Akacheka bila kupenda. Nyumbani alimbembeleza baba yake, Gaspard, kila asubuhi, na kisu kikangoja. Madame akaanza kula.

Siku ya kumi Byamungu akafika, shati limepigwa pasi. Rosalie alikuwa amesuka upya. Lakini kijana akainamia mbuzi tu, akauliza habari za mavi yake, akatoa damu, akaaga. Rosalie akaingia ndani kufumua nywele. Kumbe kweli alifuata mbuzi.

Kesho yake akarudi na karatasi.

"Papa Gaspard, vyote vimeshuka. Ini ni zima. Atazaa."

Gaspard akarudisha kisu jikoni.

"Asante, docteur wa mbuzi," akasema Rosalie, macho chini.

"Umekasirika?"

"Jana ulimwangalia Madame peke yake."

"Ningekuangalia we, mkono ungetetemeka, na sindano iko shingoni mwake."

Mama Cécile, mama yake Rosalie, akaangua kicheko. "Wengine banakuja kwa binti na mbuzi. Huyu anakuja kumtoa wetu damu."

"Mama, Jumapili nitakuja na mjomba wangu Ciza. Atanisemea vizuri."

"Jumapili ni mbali," akasema Rosalie, kisha akamgeukia Madame, kama vile alikuwa anazungumza naye.