Udongo Uliorudi Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Shamira alifagia uwanja. Alianzia mlangoni mwa nyumba kubwa, akashuka akiwa ameinama na ufagio wake wa vijiti, mpaka kwenye chumba cha Nyanya Hawo kilichokuwa upande wa chini, karibu na ua wa miti ya miiba ya kaiyaba. Alipomaliza, udongo mwekundu ulibaki na mistari safi kama nywele zilizochanwa. Hapakuonekana jani wala unyasi.

"Uwanja wenu mtu anaweza kumwaga ugali chini na aule," Wahu, rafiki yake wa nyumba jirani, alimwambia akimsubiri langoni. "Lakini harakisha bana! Mwalimu wa zamu leo ni yule mkali."

"Wacha nimwage taka kwanza."

Shimo la taka lilikuwa mbali, nyuma ya choo. Mtaro ulikuwa karibu, nyuma ya chumba cha Nyanya. Maji ya mvua na ya kufulia yalipita humo, yakaingia kwenye bomba la simiti chini ya ua wa kaiyaba, yakatokea barabarani. Siku moja Shamira alipochelewa, alisukumia takataka na udongo mtaroni. Hakuna aliyemwona. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Mwaka ukaisha akifanya hivyo, na nyasi zikamea juu ya taka zikaficha kila kitu.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, maji yaliingia chumbani mwa Nyanya. Kuta zililowa, kuvu nyeusi ikapanda nyuma ya kitanda, na kifua cha Nyanya kikaanza kukwaruza kila alipovuta pumzi. Daktari wa Kitale alisema wazi: mama huyu asilale tena kwenye unyevu.

Amu Osman, kaka yake Baba, alisafiri kutoka Bungoma kuja kumwona. "Mimi nina chumba kikavu," alisema. "Kama hiki hakitakauka kabla ya mvua za masika, namchukua Mama."

Baba alikubali kwa kichwa. Tangu akiwa mdogo Shamira alilala kwa Nyanya. Ni Nyanya aliyemsuka nywele, aliyemfundisha kusoma Kurani, na aliyemjua akiwa na huzuni kabla hajasema neno. Bungoma si mbali sana, lakini Nyanya wa kutembelewa likizoni si sawa na Nyanya wa kila siku.

Mwezi wa Februari 2006, Baba alimwita Fundi Gathii, aliyewajengea jiko.

"Dawa ni simiti, mzee," Gathii alisema akipigapiga ardhi kwa kiatu. "Tunafunika uwanja wote, tu! Maji yatateleza yaende zao."

"Yaende wapi?" Baba aliuliza.

Gathii alielekeza kidevu upande wa kina Wahu. "Si huko tu."

"Ati huko?" Wahu, aliyekuwa amekuja kuazima kitabu, aliruka. "Fundi, huko ndiko mimi nalala!"

Hata Nyanya alicheka, ingawa kicheko kiliishia kwenye kikohozi.

Baba hakutaka kuwafurikisha majirani. Mteja mmoja dukani kwake alikuwa amemweleza habari za Bilha Nakhungu, binti kutoka Kamukuywa aliyesomea kazi ya kupanga viwanja vya nyumba: maji yapite wapi, watu wapite wapi, na nini kipandwe mahali gani. Kazi hiyo iliitwa usanifu wa mandhari. Baba alisitasita. "Mtu aje kutuchorea maua wakati nyumba inalowa?" alinung'unika. Hata hivyo alimpigia simu.

Bilha alikuja Jumamosi, miguuni buti za mpira, mkononi daftari, vigingi na mpira mrefu mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji yaliyomo. Fundi Gathii alikuwapo pia, mikono mfukoni.

"Daktari wa maua amefika," alimnong'oneza Shamira.

Bilha hakutaja ua lolote. Alijaza mpira maji, akampa Shamira ncha moja aishike ukutani, naye akashika nyingine langoni, ili aone uwanja umeinama kiasi gani na kuelekea wapi. Kisha akachuchumaa karibu na kiti cha Nyanya.

"Nyanya, asubuhi unapenda kukaa wapi?"

"Hapa, binti yangu. Jua linanipata mgongoni."

"Na ukienda chooni unapitia wapi?"

Nyanya alishangaa. "Nyumba tuliijenga na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo," alisema, akamwonyesha njia yake.

Bilha alizunguka chumba polepole, akasimama penye alama ukutani. Chini ya alama hiyo mawe ya msingi yalikuwa wazi.

"Baba Shamira, mlipojenga, udongo ulifika hapa. Sasa umeshuka kiganja kizima. Umeenda wapi?"

"Mvua," Baba alijibu.

"Mvua, na huu." Bilha aliinua ufagio. "Kila asubuhi unaondoka na udongo kidogo. Miaka sita ya kufagia tangu mjenge imefanya ukuta ukae kwenye shimo, kwa hiyo maji yote ya uwanja yanakuja hapa."

Shamira aliona uso ukimchoma. Uwanja ule ndio ulikuwa sifa yake!

Bilha akaenda nyuma ya chumba, akachoma ardhi kwa fimbo ya chuma. Ilitoka na matope. "Ni kiangazi, na hapa kumelowa hivi? Mtaro wenu upo na bomba mnasema lipo. Kuna mtu anayemwaga kitu humu?"

"Hapana," Baba alisema. "Taka zote zinakwenda shimoni. Si ndiyo, Shamira?"

Shamira alitazama vidole vyake vya miguu. "Ndiyo, Baba."

Bilha aliandika, akafuta. "Basi naogopa maji haya yanatoka chini ya ardhi, yaani kuna chemchemi. Ikiwa ni hivyo, hata nikipanga uwanja vipi, chumba hiki hakitakauka. Nitapima tena, lakini sitaki kuwapa tumaini la uongo."

Baba alivua kofia yake akajipangusa kipaji cha uso, akatoa simu. "Kama ni hivyo, wacha nimpigie Osman."

Nyanya alichukua shali iliyokuwa kwenye mkono wa kiti, akaanza kuikunja, pembe juu ya pembe, polepole, kama mtu anayefunga mizigo.

Shamira hakuweza kuendelea kuitazama ile shali.

"Si chemchemi!" alisema kwa sauti iliyopasuka. "Ni mimi. Nimekuwa nikimwaga taka mtaroni. Mwaka mzima. Hata maji ya kufulia hayapiti tena."

Baba alirudisha simu mfukoni. "Na nilipokuuliza sasa hivi?"

"Nilikudanganya, Baba. Niliogopa. Nisamehe. Nisamehe, Nyanya."

"Lete jembe," Baba alisema, na sauti yake haikuwa nzuri.

Gathii alichimba. Chini ya nyasi walikuta udongo mwekundu wa uwanja, majani yaliyooza, vifuniko vya soda, na rula ya Shamira iliyopotea tangu darasa la tano. Mdomo wa bomba ulipofunguka, maji meusi yalibubujika na kuondoka.

Bilha alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Sasa naweza kuchora. Shamira, mimi nimesomea maji, udongo na mimea, lakini siwezi kupanga kitu ambacho nimefichwa. Ni kama mgonjwa anayemficha daktari mahali panapouma."

Wiki iliyofuata alileta mchoro. Udongo ungeinuliwa kando ya ukuta wa Nyanya, ushuke taratibu mpaka mtaroni. Nyasi fupi zinazotambaa zingeushikilia udongo huo usiondoke. Mawe bapa yangelazwa pale pale Nyanya alipozoea kupita. Migomba ingepandwa pale maji ya kufulia yanapoishia, iyanywe. Na mbele ya mlango, panapopata jua la asubuhi, Bilha alichora duara dogo tupu.

"Hapo umesahau kupanda," Gathii alimwambia.

"Sikusahau. Hapo ni pa kufagia. Uwanja bila ufagio Nyanya hataona kama ni kwao."

Gathii alikuna kichwa. "Madamu, hii si kazi ya maua."

"Ndiyo maana nakuhitaji wewe uyalaze hayo mawe," Bilha alimjibu, na wote wakacheka.

Baba alimpa Shamira kazi yake: udongo aliouondoa aurudishe. Kwa majuma mawili, kila jioni akitoka shuleni, alijaza karai udongo uliotolewa mtaroni na kuubeba hadi ukutani. Mabega yaliuma. Wahu alikuja kumsaidia, akimtania kwamba yeye ni mtu wa kwanza Kitale kufagia kinyumenyume.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha mwisho wa Machi, mchana wa Jumapili, Amu Osman akiwa amewasili na gari la kubebea mizigo ya Nyanya endapo chumba kingelowa. Walisimama barazani wote. Maji yalishuka kutoka langoni, yakafika penye nyasi, yakapunguza mwendo, yakageuka, yakaingia mtaroni kwa mstari mmoja. Barabarani yalisikika yakitoka bombani.

Amu Osman aliingia chumbani, akapapasa ukuta nyuma ya kitanda, juu na chini. Alipotoka aliutazama mkono wake.

"Mkavu," alisema. Kisha akamgeukia Baba. "Huyo msanifu wenu, anafika Bungoma? Kwangu maji yanasimama mbele ya jiko."

"Gari lirudi na namba yake ya simu badala yangu," Nyanya alisema, na kila mtu akacheka.

Mvua ilipokatika, Nyanya aliketi kwenye duara lake akamvuta Shamira karibu. Kifua chake kilikuwa bado hakijapona kabisa, lakini kilivuta pumzi kwa utulivu.

"Mwaka mzima nilikusifu kwa usafi niliouona," alisema. "Kumbe uchafu tulikuwa tumeuweka nyuma, ukaja kunidai mimi. Mwenye ujuzi tumwite mapema, mwanangu, na akija tumwambie kweli, hata ile inayotuaibisha. Bilha alichora vizuri, lakini alianza kuchora siku uliposema."

Akampa kikombe kitupu. "Sasa niletee chai. Na ukishachuja majani ya chai, unajua pa kuyamwaga."

"Shimoni, Nyanya," Shamira alisema, akapita juu ya mawe bapa kuelekea jikoni.