Sauti Niliyoikata Nikamharibia Mkwe Wangu

"Vua hiyo pete! Vua sasa hivi!"

Nilikuwa nimepiga magoti, pini mdomoni, nabana kiuno cha gauni la harusi alilovaa binti yangu. Redio ipo juu ya cherehani. Mchumba wake, mwalimu, yumo redioni kwenye mdahalo kuhusu ugaidi, nami namrekodi kwa simu niwaringishie mawifi zangu.

Ndipo akasema:

"Kijana ukimpiga na kumfunga bila kosa kila wiki, umemwandalia mwenye mabomu mtu wa kumtuma."

Nikatema pini zote. Mume wangu alikufa kwa bomu la sokoni.

"Umemsikia? Anawatetea waliomuua baba yako!"

"Mama, hajamaliza."

"Amenimaliza mimi!"

Binti akavua pete huku analia. Mimi, mdahalo ulipokwisha, nikakata sauti ya rekodi pale pale kwenye "kumtuma", nikaitupa kwenye kikundi cha ukoo: "Mkwe wenu huyo."

Kufikia jioni ilishafika shuleni kwake. Wazazi wamejaa getini, mwalimu kasimamishwa kazi. Kaka yangu akampigia:

"Ukikanyaga hapa nakuvunja miguu, gaidi wewe!"

Kesho yake binti akapata ujumbe wa mchumba wake: "Nilisema pia kwamba aliyelipua soko ni muuaji na hana cha kujitetea. Nani kakata hapo?"

Akachukua simu yangu. Rekodi nzima ilikuwa bado humo. Akasikiliza yote, mpaka mwisho.

"Kumbe ni wewe, mama."

"Nilikuwa nakulinda, mwanangu."

"Kwa uongo?"

"Hata hayo mengine aliyosema ni upuuzi!"

"Na mimi sikubaliani naye! Wangapi wamepigwa bila kosa, na leo ni mafundi, wauguzi? Nilitaka nimbishie mwenyewe, mezani kwetu, mpaka tuzeeke. Wewe umemziba mdomo."

"Baba yako angekuwepo..."

"Baba usimtumie!"

Akakunja gauni na pini zake, akachukua pete, akatoka. Tangu siku hiyo simu zangu hapokei.

Mama mwenzangu unayesoma hapa, mtu akisema neno linalokuchoma, mwache alimalize. Kisha gombana naye utakavyo. Usimkate kama nilivyomkata mimi.

Wamefunga ndoa Ijumaa, watu wanane tu. Picha nimeiona kwenye kikundi kile kile. Gauni halikushonwa kiunoni. Zimebaki pini zangu, zinang'aa.